Waya yenye ngozi ya mukuba: nyumba ikiungua, nani analipa?

Hapa kwetu mukuba (ao shaba, kama vitabu vinavyosema) haiko kitu cha kufundishwa. Jimbo letu lenyewe lilibeba jina hilo, Shaba, toka 1971 mpaka 1997. Wazee wetu waliichimba wakati wa Union Minière, baba zetu waliichimba wakati wa Gécamines, na sisi tunaichimba leo chini ya makampuni mengi yenye majina ya kila lugha. Mwaka 2023, Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2,5 za mukuba. Juu ya hiyo, inatuuma sana kuona mutumikaji wa mine anaingia mu duka, analipa bei ya waya ya mukuba, kisha anarudi kwake na alminyumu.

Kwa macho hataona kitu. Waya ni nyekundu na inangaa. Kwa rulo wameandika 2,5. Muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Lakini ndani ya ile ngozi nyekundu kuko moyo mweupe. Ni waya ya metali mbili: alminyumu katikati, mukuba kidogo inje, na hizi mbili zimeshikamana sana hata huwezi kuzitenganisha kwa mukono. Katika biashara wanaiita CCA.

Sisi wa sendika hatuandike habari hii juu ya kuonyesha kwamba tunajua ufundi. Tunaiandika juu ya jambo moja: waya hii ikiunguza nyumba, kosa linatupwa kwa mwenye kulala ndani ya nyumba, hapana kwa ule aliyeinunua na kuiweka. Tumeliona kwa macho yetu.

Mama wa resho

Katika kambi moja ya watumikaji, kampuni moja (hatutaitaja hapa) ilitengenezesha upya umeme wa nyumba. Kazi ilipewa mutu wa kontra, naye alileta waya na mafundi wake. Wote walifurahi. Kisha miezi kidogo, prizi zikaanza kuwa nyeusi. Katika nyumba moja, plastiki ya prizi iliyeyuka ikashuka kwa ukuta kama nta ya mushumaa. Katika nyumba ingine moto ulipanda kwa plafo usiku, na dari yote ikaisha. Mungu alisaidia, watu walitoka. Lakini magodoro, nguo za masomo, makaratasi ya watoto, vyote vilibaki majivu.

Wakubwa walituma mutu wa kutazama. Alikaa dakika kumi. Akamwambia mama wa nyumba: «Mama, ni resho yako njo imeunguza nyumba. Munapikia umeme sana.» Jibu likaandikwa hivyo kwa karatasi: matumizi mabaya. Maana yake, hakuna kulipa, na zaidi, wakaanza kusema watakata kitu kwa mushahara wa baba juu ya kutengeneza nyumba.

Delege wetu mumoja, fundi wa umeme wa usine, alikata kipande cha waya iliyobaki mu ukuta, akakikwarua kwa kisu. Ndani ilikuwa nyeupe. Kutoka siku ile, mazungumuzo yalibadilika. Hatukuwa tena tunauliza huruma, tulikuwa tunauliza swali: kwa fakture muliandika nini? Kulikuwa kumeandikwa mukuba. Mushahara wa yule baba haukukatwa. Lakini dari alijenga mwenyewe, na mpaka leo nyumba zingine za kambi ile ziko na waya ile ile.

Inatengenezwa namna gani

Tusiseme uongo kwa kupigana na uongo. Waya ya metali mbili haiko uchawi, na haikutengenezwa kwanza kwa kudanganya watu. Wanachukua fimbo ya alminyumu safi, wanaifunga na karatasi ya mukuba, wanachomelea mushono, kisha wanaivuta kupitia matundu madogo, moja nyuma ya lingine, mpaka inakuwa nyembamba. Kwa nguvu hiyo na kwa joto, metali mbili zinakamatana kabisa.

Aina inayoonekana sana iko na mukuba sehemu 10 kwa 100 za ukubwa wake. Tufanye hesabu kwa waya ya 2,5. Upana wake wa kupita katikati ni karibu milimita 1,8. Ngozi ya mukuba haifike hata milimita 0,05. Ni nusu ya unene wa karatasi ya kayé ya masomo. Na kwa kilo 100 za waya hiyo, mukuba ni karibu kilo 27 tu. Zingine zote ni alminyumu.

Sasa mutaelewa kwa nini kuko watu wanaopenda kuiuza. Mwezi wa tano 2024, tani moja ya mukuba ilipita dola 10.000 kwa soko la London. Alminyumu haikufika hata dola 3.000. Mutu akiuza rulo ya CCA kwa bei ya rulo ya mukuba, ile tofauti yote inaingia mu mufuko wake. Wakati bei ya mukuba inapanda, sisi tunaoichimba tunangoja prime, na ule wa kudanganya naye anafungua mufuko.

Kwa nini inaunguza

Kwanza, alminyumu haipitishe umeme sawa na mukuba. Tukisema mukuba ni 100, alminyumu ni karibu 61, na waya ya CCA yenye mukuba sehemu 10 iko hapo karibu, 65 hivi. Tuchukue resho ya wati 2.200. Inakula ampere 10. Tuseme kutoka kompta mpaka prizi kuko metre 20, kwenda na kurudi 40. Na waya ya 2,5 ya mukuba, karibu wati 30 zinapotea njiani kwa joto. Na CCA ya unene ule ule, zinakuwa karibu 46. Na mara nyingi ule anayedanganya kwa metali anadanganya na kwa unene: wameandika 2,5, ukipima ni 1,5 ao chini yake. Hapo joto linapanda tena, na lote linakaa ndani ya ukuta.

Pili, na hapa njo hatari kubwa, ni fasi ya kuunganisha. Fundi akitoa plastiki kwa kisu, anakwarua ngozi ya mukuba, sababu ni nyembamba sana. Alminyumu ikikutana na hewa, inajivika mara moja kitu kama kutu nyeupe, na kutu hiyo haipitishe umeme. Kukiwa maji kidogo, kama vile mu nyumba zetu wakati wa mvua, metali mbili zinaanza kukulana. Tena alminyumu ni laini: ukiikaza na visi, inakimbia polepole chini ya visi, na kila ikipata joto inajivimbisha kuliko mukuba, ikipoa inarudi. Leo, kesho, kesho kutwa, visi inalegea. Fasi iliyolegea inapata moto. Fasi yenye moto inalegea zaidi. Ni njia ya kwenda bila kurudi.

Tatu, muangalie vizuri jambo hili, sababu njo linabomoa maneno ya wale wanaosema «resho ya mama». Fizibo ao dijonkta inakata wakati umeme unaopita ni mwingi kuliko kipimo. Lakini fasi iliyolegea inaweza kuwaka wakati umeme unaopita ni ule wa kawaida. Ampere 10 zinapita, dijonkta ya 16 inaona kila kitu kiko sawa, na nyuma ya prizi plastiki inayeyuka. Kwa hiyo, nyumba ikiungua na dijonkta haikukata, musikubali haraka kwamba mutu alitumia umeme kupita kiasi. Mara nyingi ni kusema kwamba ugonjwa uko kwa waya ao kwa fasi ya kuunganisha.

Mambo haya yanajulikana toka zamani. Marekani, kati ya 1965 na 1973, bei ya mukuba ilipanda na wajenzi waliweka alminyumu mu nyumba nyingi sana. Kisha moto ukaanza. Ofisi ya serikali yao inayolinda wanunuzi ilitangaza kwamba nyumba zilizowekwa waya ya alminyumu mbele ya 1972 ziko na hatari mara 55 kuliko zile za mukuba, kwamba fasi za kuunganisha zitapata joto la kuleta moto. Ilikuwa alminyumu bila ngozi, na ngozi ya mukuba inasaidia kidogo kwa fasi ya visi. Lakini inasaidia kama iko nzima, na kama fundi anajua ni waya gani anashika. Fundi aliyedanganywa hajui.

Metali mbili haiko zambi, zambi ni uongo

Kuko fasi ambapo waya ya metali mbili ni kitu kizuri. Muinue macho kwa nguzo kubwa zinazoleta umeme kutoka mbali: mara nyingi nyaya zile ni alminyumu, na katikati kuko chuma juu ya kubeba uzito. Hakuna mutu aliyedanganywa. Injinia alihesabu, akaweka unene unaofaa.

Muchukue tena chuma kilichovishwa mukuba. Huko Pennsylvania, Marekani, kampuni moja ilianza kuitengeneza toka 1915, na jina lake la nyuma, Copperweld, limekuwa karibu jina la kitu chenyewe. Chuma kinaleta nguvu, mukuba inazuia kutu na inapitisha umeme. Piketi tunayopiga mu udongo kwa kushusha radi na umeme uliopotea ni hivyo: ukipiga piketi ya mukuba tupu mu udongo wetu wenye mawe, inapinda, ukipiga ya chuma tupu, inaoza. Kebo ya antene ya televisheni mara nyingi nayo iko hivyo, sababu umeme wa televisheni unapita kwa ngozi ya waya tu, ndani hauingie.

Na tuongeze jambo moja ambalo hapa kwetu lina maana. Usiku watu wanakata kebo za mukuba, wanachoma plastiki, asubuhi zinaenda kwa wauzaji wa mitraye. Waya ya chuma iliyovishwa mukuba haina bei kwa mitraye. Mwizi akiikata mara moja, hatarudi. Kwa nyaya za kushusha umeme chini kando ya mine na kando ya reli, hiyo ni akili nzuri.

Hata wazee wetu walijua kuvisha kitu mukuba. Kule Bunkeya, wakati wa Msiri, mafundi wa Wayeke walivuta waya ya mukuba nyembamba sana, wakaizungusha juu ya manyoya ao nyuzi, wakatengeneza bangili. Inje mukuba, ndani manyoya. Lakini hakuna aliyenunua bangili ile akizani ni mukuba mpaka katikati. Tofauti iko hapo. Kama rulo imeandikwa CCA, bei ni ya CCA, na fundi anaweka unene mukubwa zaidi, 4 mahali pa 2,5, na vifaa vya kuunganisha vilivyotengenezwa kwa alminyumu, hatuna neno. Tunapigana na ile iliyoandikwa mukuba.

Kisu na kilo

Hamuitaji laboratwari. Muko na njia zenye kutosha, na mbele ya yote: mukate umeme kwanza. Musikwarue hata siku moja waya yenye kuwa na umeme.

Ya kwanza ni kilo. Mukuba ni nzito: lita moja yake inapima karibu kilo 8,9, alminyumu kilo 2,7. Rulo ya metre 100 ya waya moja ya 2,5, na plastiki yake, inapashwa kufika karibu kilo 3. Ile ya CCA itakaa kati ya kilo 1 na nusu na 2. Mama anayeuza unga kwa soko ana kilo ya kutosha kwa kazi hiyo. Hii njo njia tunaipenda sana, sababu haiharibu rulo, na muuzaji hawezi kubishana na kilo. Kama rulo ni nyepesi, ao metali si mukuba, ao unene si ule, ao metre 100 hazifike. Kwa kila jibu, umeibiwa.

Ya pili ni kisu. Kwarua upande wa waya, ao kata ncha na utazame katikati kwa mwangaza wa mchana. Nyekundu mpaka katikati ni mukuba. Nyeupe katikati ni alminyumu ao chuma. Lakini angalisho: kuko waya ya mukuba iliyovishwa bati inje, ile ni nyeupe inje na nyekundu ndani. Hiyo ni nzuri. Tazama ndani, hapana inje.

Ya tatu ni sumaku. Ikikamata, ndani kuko chuma. Lakini isipokamata, usiseme bado ni mukuba, sababu sumaku haikamate alminyumu.

Ya ine ni moto, kwa waya ya nyuzi nyingi nyembamba. Toa plastiki kwanza, sababu moshi wake ni sumu, kisha weka uzi mumoja kwa moto wa brike. Mukuba inayeyuka kwa digri 1.085, alminyumu kwa 660. Uzi wa mukuba utawaka mwekundu na kubaki. Ule wa alminyumu utakunjama na kukatika.

Kwa wale ambao waya hii iko tayari mu ukuta wao, hatuwaambie mubomoe nyumba leo. Mufanye hivi: resho na pasi muzivutie waya mpya ya mukuba ya kweli, peke yao. Kwa nyaya zinazobaki, muweke fizibo ndogo, 10 mahali pa 16, na mubakishe taa, simu na televisheni. Mara kwa mara, umeme ukiwa umekatwa, fundi akaze visi zote. Prizi ikitoa harufu, ikibadilika rangi ao ikiwa moto kwa mukono, isitumike tena siku ile ile.

Tunauliza nini

Code du travail ya 2002 inamuamuru mwajiri atoe nyumba ao feza ya nyumba. Nyumba inayoweza kuwaka usiku haiko nyumba. Kwa hiyo tunaomba mambo mane, na tunaomba kila delege ayapeleke mu mazungumuzo ya convention collective.

Moja: katika kila kontra ya umeme wa kambi, iandikwe metali na unene wa waya, na rulo zipimwe kwa kilo mbele ya delege, mbele hazijaingia mu ukuta. Kazi hii inaweza kufanywa na komite ya usalama na usafi, ambayo sheria inaiagiza.

Mbili: moto ukitokea, kipande cha waya kikatwe na kilindwe mbele mutu hajaandika sababu. Bila kipande, hakuna kusema «matumizi mabaya». Na hakuna kukata mushahara wa mutu kwa neno la mutu aliyekaa dakika kumi.

Tatu: OCC, yenye kazi ya kuhakikisha bidhaa zinazoingia inchini, iweke rulo za waya kati ya vitu vya kupimwa kwa kilo na kwa kisu pale mupakani. Ni dakika tano kwa kila aina.

Ine: wauzaji waonyeshe kwa meza yao ncha iliyokatwa ya kila waya. Muuzaji wa kweli hataogopa, na sisi tutamuletea wanunuzi.

Kuko swali lingine kubwa zaidi. Kila siku tunahesabu malori yakielekea Kasumbalesa. Sehemu kubwa ya wanachobeba ni katodi za mukuba, safi kwa 99,99 kwa 100. Zinazunguka dunia. Na kinachorudi mu soko letu ni ngozi isiyofika nusu ya unene wa karatasi. Siku moja waya yetu itavutwa hapa hapa, na kijana wetu atajua aliivuta na nini. Kwa kungoja siku hiyo, kila delege atembee na kisu mu mufuko, na kila mama asiogope kuomba kilo mbele ya kulipa.